Adhabu kali pekee haitazuia wizi wa mchanga Mwala

MITO mingi ya Mwala, katika Kaunti ya Machakos, hutiririka kwa muda mfupi tu baada ya mvua kubwa. Miezi inayosalia huwa ni njia pana za mchanga, na mgeni akipita angedhani kwamba hapo hapana maji kabisa. Wenyeji wanajua vinginevyo. Chini ya mchanga huo ndimo maji ya kiangazi yalimo, na ndimo akina mama huchimba visima vifupi na kusubiri maji yajikusanye, mtungi baada ya mtungi.

Mchanga huo huo ndio unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi na miji inayouzunguka mji huo mkuu. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakishuka kwenye mito ya Machakos, Makueni na Kitui, mara nyingi usiku, yakipakia bila kibali na kuondoka kabla ya mapambazuko. Ugomvi kuhusu biashara hiyo umesababisha maafa katika eneo la Ukambani. Makueni, afisa wa polisi ni miongoni mwa watu waliouawa.

Kila mara kisa kipya kinapozuka, kilio kinachosikika mikutanoni ni kimoja: adhabu iwe kali zaidi. Faini iongezwe, kifungo kirefushwe, malori yataifishwe. Ni kilio kinachoeleweka, kwa maana anayeona kisima chake kikikauka hawezi kuwa na subira. Hata hivyo, swali linalostahili kuulizwa kabla ya kuipandisha faini tena ni hili: je, ukali wa adhabu iliyoandikwa kwenye vitabu vya sheria humzuia kweli mtu kutenda uhalifu?

Ushahidi uliopo, hapa Kenya na kwingineko, unaonyesha kwamba ukali pekee hufanya kazi ndogo sana. Kinachomzuia mhalifu zaidi ni uhakika wa kukamatwa, na upesi wa kuadhibiwa baada ya hapo.

Wazo hili si geni. Mwaka 1764, Mwitaliano Cesare Beccaria alichapisha kitabu kuhusu makosa na adhabu, akapinga mateso na hukumu ya kifo zilizokuwa zimezoeleka Ulaya. Alidai kwamba adhabu ya wastani isiyokwepeka hutia hofu kuliko adhabu ya kutisha yenye matumaini ya kuponyoka. Mwingereza Jeremy Bentham aliiendeleza hoja hiyo kwa kusema kwamba binadamu hupima raha na maumivu kabla ya kutenda.

Zaidi ya miaka 200 baada ya Beccaria, mwanauchumi Mmarekani Gary Becker aliigeuza hoja hiyo kuwa hesabu. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi, akajikuta akipima kama aegeshe gari mahali palipokatazwa na kubahatisha faini, au atafute maegesho halali ya mbali. Makala yake kuhusu uhalifu na adhabu yalitoka mwaka 1968, na mwaka 1992 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa kazi yake pana kuhusu tabia za binadamu.

Nadharia hii ya uamuzi wa kimantiki inasema kwamba mhalifu wa kawaida si kiumbe wa ajabu. Ni mtu anayepima faida atakayopata, uwezekano wa kukamatwa, na uzito wa adhabu akikamatwa. Mwaka 1986, wataalamu Derek Cornish na Ronald Clarke waliongeza kwamba hesabu hiyo haifanywi kwa kalamu na karatasi. Hufanywa kwa haraka, kwa habari chache, na kwa kutazama yaliyo mbele ya macho: njia ipi iko wazi, mlinzi yuko wapi, nani anatazama.

Tuipeleke hesabu hiyo mtoni. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme safari moja ya mchanga wa wizi inamletea mwenye lori faida ya Sh10,000, na faini akikamatwa ni Sh350,000. Ikiwa anakamatwa mara moja katika kila safari 100, faini hiyo ikigawanywa humgharimu Sh3,500 kwa safari. Bado ana faida, naye ataendelea. Sasa tuseme faini haikuongezwa hata senti, ila anakamatwa mara moja katika kila safari 20. Gharama inakuwa Sh17,500 kwa safari, na biashara imekufa. Kinyume chake, faini ikipandishwa hadi Sh2 milioni lakini akawa anakamatwa mara moja tu katika safari 1,000, gharama ni Sh2,000. Sheria imekuwa kali zaidi, na wizi umekuwa rahisi zaidi.

Mfano huo haukutoka mbali na historia yetu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliweka adhabu ya jumla ya faini isiyozidi Sh350,000 au kifungo kisichozidi miezi 18. Marekebisho ya mwaka 2015 yalipandisha faini hiyo hadi kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, na kifungo hadi kati ya mwaka mmoja na minne. Kabla ya hapo, mwaka 2007, kulikuwa kumetolewa mwongozo wa kitaifa wa uvunaji wa mchanga. Karatasi zilikuwepo. Mvutano mitoni haukukoma kwa sababu ya karatasi hizo.

Kuna sababu tatu zinazofanya ukali usizae matunda. Kwanza, adhabu inapopita kiasi machoni pa watu, shahidi husita kusema na hakimu hutafuta njia ya kuilegeza. Pili, faini kubwa huongeza thamani ya hongo. Afisa mla rushwa ambaye jana aliweza kudai kidogo, leo ana kitisho kikubwa zaidi cha kumwonyesha dereva. Tatu, mtu mwenye shida ya leo hazingatii sana maumivu ya miaka mitatu ijayo. Kijana asiye na chakula cha jioni huona ujira wa usiku huo kwa ukaribu kuliko anavyouona mwaka wa nne wa kifungo.

Mtaalamu Mmarekani Daniel Nagin, aliyepitia tafiti nyingi za suala hili, alihitimisha mwaka 2013 kwamba ushahidi wa nguvu ya uhakika wa kukamatwa ni imara kuliko ule wa nguvu ya vifungo virefu.

Kenya ina somo lake lenyewe, tena chungu. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, serikali ikiwa imetishwa na ujambazi, Bunge lilifanya kifo kuwa adhabu ya lazima kwa wizi wa kimabavu. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu yeyote anayeiba kwa nguvu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na wenzake, au akimjeruhi mtu. Kwa hivyo aliyepora simu akiwa na kisu, bila kumkwaruza mwenye simu, alistahili hukumu ile ile ya muuaji.

Je, ujambazi ulikoma? Wakenya walioishi Nairobi katika miaka ya 1990 wanajua jibu. Kilichojaa ni magereza. Mara ya mwisho kwa Kenya kumnyonga mtu ilikuwa mwaka 1987, waliponyongwa waliopatikana na hatia ya uhaini katika jaribio la mapinduzi la mwaka 1982. Tangu wakati huo hukumu zilitolewa bila kutekelezwa. Mwaka 2009, Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016, Rais Uhuru Kenyatta alifanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Muruatetu kwamba ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji unakiuka Katiba, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji pekee.

Sheria ya aina hiyo ina kasoro nyingine ambayo Beccaria aliitambua mapema. Adhabu ya kupora ikilingana na ya kuua, jambazi hana sababu ya kumwacha hai shahidi. Ukali usiopangwa kwa ngazi humsukuma mhalifu kutoka kosa dogo hadi kubwa. Huko Marekani, jopo la Baraza la Kitaifa la Utafiti liliripoti mwaka 2012 kwamba tafiti za zaidi ya miongo mitatu haziwezi kutumiwa kusema iwapo adhabu ya kifo hupunguza mauaji, huyaongeza au haiyagusi kabisa.

Wapo watakaotaja ujangili kama kielelezo cha kinyume. Hoja yao ina uzito. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Takwimu za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) zilionyesha ndovu 384 waliouawa na majangili mwaka 2012, 302 mwaka 2013, na 164 mwaka 2014.

Lakini tazama yaliyoandamana na sheria hiyo. Uchunguzi wa shirika la WildlifeDirect katika mahakama kadhaa ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2008 na 2013, ni asilimia 4 pekee ya waliopatikana na hatia ya makosa dhidi ya ndovu na vifaru waliofungwa jela. Kufichuliwa kwa aibu hiyo kulileta viongozi wa mashtaka waliobobea na macho ya umma ndani ya mahakama. Wakati huo huo faida ilishuka: bei ya jumla ya pembe ghafi nchini China ilianguka kutoka karibu dola 2,100 kwa kilo mwaka 2014 hadi karibu dola 730 mapema mwaka 2017, nayo China ikapiga marufuku biashara hiyo mwishoni mwa mwaka huo. Pande zote tatu za hesabu ziliguswa kwa pamoja: faida, uhakika na adhabu.

Somo lingine ni la barabarani. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipoanza kutekeleza kanuni za matatu Februari 2004, abiria walifunga mikanda, magari yakawekwa vidhibiti mwendo, na waliokaidi waliondolewa barabarani mara moja. Nidhamu ilionekana kwa macho. Kanuni hizo hazikufutwa baadaye. Kilichofifia ni usimamizi, na msongamano ndani ya matatu ukarejea huku sheria ikiwa ile ile.

Tukirudi Mwala, kosa kubwa la mjadala wetu ni kudhani kwamba mwizi wa mchanga ni mtu mmoja. Wapo angalau wanne, na kila mmoja ana hesabu yake. Yupo mpakiaji, kijana wa kijijini mwenye sepetu, anayelipwa ujira mdogo kwa kila lori. Yupo dereva na tajiri wake, wenye mtaji na faida. Yupo mwenye shamba linalopakana na mto, anayefungua njia kwa malipo au anayenyamaza kwa hofu. Na yupo mnunuzi mjini, ambaye haulizi mchanga ulitoka wapi.

Msako unapofanywa, anayekamatwa mara nyingi ni mwenye sepetu, kwa kuwa ndiye asiyeweza kukimbia na lori. Kumfunga yeye hakubadilishi hesabu ya tajiri, kwa maana kesho yake atapatikana kijana mwingine. Ukame unapobana na mahindi yakikauka mashambani, wapakiaji hawaishi.

Kuhusu dereva, kizuizi cha polisi kinachopokea hongo huwa si kizuizi tena. Hugeuka kituo cha ushuru. Mwaka 2000, wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walipoanza kutozwa faini ndogo, waliochelewa waliongezeka badala ya kupungua. Faini ilikuwa imegeuka bei, na aliyeilipa hakuona haya tena. Hongo ya barabarani hufanya kazi hiyo hiyo. Humpa dereva gharama anayoijua kabla ya safari, akaiingiza katika bei ya mchanga na kumpelekea mnunuzi.

Nadharia hii ina upande wa pili ambao wanasiasa huusahau: hesabu ya mtu hubadilika pia pale utiifu unapomletea faida. Machakos ni ushahidi wake. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba mifugo kwa madai ya kuokoa udongo, maelfu waliandamana hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Adhabu hiyo haikuzima upinzani, na serikali ikalazimika kulegeza kamba. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa kwa shuruti yalichukiwa, na mengi yakapuuzwa shuruti ilipoondoka.

Baadaye, wakulima hao hao waliyachimba matuta kwa hiari, wengi kupitia vikundi vya mwethya, walipoona kwamba shamba lenye matuta huhifadhi maji na kuzaa zaidi, na kwamba mazao yana soko. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliyaeleza mabadiliko hayo katika kitabu chao cha mwaka 1994, wakionyesha kwamba watu waliongezeka Machakos huku mmomonyoko ukipungua. Kile ambacho kiboko hakikuweza kukifanya, manufaa yalikifanya.

Haki inatudai tukiri mipaka ya nadharia hii. Haielezi vyema mauaji ya hasira ndani ya nyumba, wala ugomvi wa walevi ambao hupima baada ya kutenda. Pia haitoi ruhusa kwa wananchi kuchukua sheria mikononi. Umati unaomchoma mshukiwa hutoa adhabu kali kuliko zote, tena papo hapo, lakini humwangukia yeyote aliyenaswa, mwenye hatia na asiye na hatia. Ni dalili ya wananchi waliokata tamaa na uhakika wa mahakama wakaamua kuuziba pengo kwa ukatili.

Wizi wa mchanga, hata hivyo, si uhalifu wa hasira. Ni biashara yenye ratiba, mtaji na wateja, na ndiyo sababu hesabu inaweza kuuvunja. Tena mchanga ni mzito na lori halifichiki. Kutoka mito ya Mwala hadi Nairobi, lori lazima lifuate barabara chache zinazojulikana, zikiwemo zile zinazopitia Masii na Wamunyu. Huhitaji askari katika kila bonde. Unahitaji cheti kinachoonyesha mchanga ulipakiwa wapi, siku gani na kwa idhini ya nani, kinachokaguliwa njiani kwa kumbukumbu ambazo afisa mmoja hawezi kuzifuta.

Cheti hicho kimfuate mchanga hadi kwenye eneo la ujenzi. Mwanakandarasi asiye nacho awajibike, kwa maana yeye ana anwani, leseni na jina la kulinda, na hivyo ndiye anayeogopa sheria kuliko mpakiaji asiye na cha kupoteza. Lori lililokamatwa lizuiliwe hadi kesi iamuliwe, na kesi iamuliwe kwa wiki badala ya miaka. Kwa mwenye lori, wiki sita bila gari ni hasara anayoihisi mara moja.

Kaunti jirani ya Makueni ilipitisha sheria yake ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka maalum ya kuisimamia. Machakos inaweza kujifunza kutoka kwa mafanikio na mapungufu ya jirani. Muhimu zaidi ni kwamba sehemu ya mapato ya mchanga halali irudi kwa wanaoishi kando ya mto, kwa mabwawa ya mchanga na visima wanavyoviona. Mchanga wenye chembe kubwa unaweza kuhifadhi maji ya kiasi cha robo ya ujazo wake, wakati mwingine zaidi. Mkazi anayenufaika na mto uliojaa ana sababu ya kupiga simu anaposikia injini usiku. Asiyenufaika na chochote atafunga mlango alale.

Mahitaji ya mchanga hayatapungua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu Nairobi, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Faida itaendelea kuwavuta wenye malori Ukambani. Kwa hivyo, wabunge na wawakilishi wa wadi watakaosimama kudai faini ipandishwe tena wanapaswa kwanza kuulizwa maswali mawili mepesi: mwaka uliopita, ni malori mangapi yaliyokamatwa katika eneo lenu, na ni kesi ngapi zilizofika mwisho? Bila majibu ya maswali hayo, faini mpya itamwogopesha mwananchi mtiifu pekee, na visima vya mchangani vitaendelea kushuka.